Mastodon haikupakulii, unajipakulia mwenyewe: fanya hivi

Watu wengi wanaingia Mastodon, mtandao wa kijamii, wanakaa siku mbili, wanaona kimya kama makaburini, wanasepa wakisema huko hamna watu. Watu wapo bana. Ila huku hamna algorithimu ya kukupikia na kukupakulia, fidi yako ya mwanzo inaleta watu na hashtagi ulizofolo tu, na walichobusti hao watu, yaani walichosambaza kwa mafolowa wao, kwa mpangilio wa muda, sasa kama hujafolo mtu si utalala njaa.

Kwenye kuchagua seva, yaani kompyuta inayotunza akaunti yako, usiumize kichwa. Ziko maelfu na zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa protokali inaitwa ActivityPub, kama imeili tu, mwenye Gmail anamwandikia mwenye Yahoo. Soma sheria zao, angalia kama admini yupo hai, jiunge. Ukichoka unahama na mafolowa wako, ila posti za zamani zinabaki kule kule, hilo ulijue mapema.

Kazi yenyewe ni hashtagi. Tangu toleo la 4.0 lililotoka 2022 unafolo hashtagi kama unavyofolo mtu. Mi ni fundi sola wa mtaani, nilianza na #solar nikajuta, ni picha za jua na mapaa ya watu mwanzo mwisho, nikaiacha nikachukua #OffGrid na #Repair ndo nikaanza kuona watu wamefungua inverta mezani wanaonyesha kilichoungua. Yaani chagua nyembambanyembamba. Na wewe ukiposti anza kila neno na herufi kubwa, #UfundiSola sio #ufundisola, wenzetu wasioona programu zao zinaisoma vizuri.

Sasa kuna hili lilinitesa wiki nzima. Jamaa kanirushia linki ya posti ya seva nyingine, ina mchoro wa kuunganisha betri, nafungua kwenye brauza, nabonyeza kubusti, inaniambia niingie kwanza, na akaunti ninayo! Kumbe unakopi ile linki, unarudi kwenye seva yako, unaipesti kwenye kisanduku cha kutafuta, posti inakuja yenyewe hapo hapo, unabusti, unajibu, unamfolo mwenyewe. Sababu ni kwamba seva yako inajua tu kilichowahi kuifikia, kwahiyo ukitafuta ukakosa usiseme hakipo.

Na kubusti usione aibu. Ile nyota chini ya posti inamwambia mwenye posti umeipenda, haiipeleki kwa mafolowa wako. Bila busti posti ya maana inafia kwa watu kumi.

Mafundi wangu nimewatupia kwenye listi moja, napitia jioni, wale wa siasa wako listi yao nawafungua nikiwa na moyo. Filta nazo zipo, unaweka neno na muda wake, mi wiki ya dabi nafunga majina ya timu zote mbili, wiki ikiisha inajifungua yenyewe.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, ukienda mwisho wa linki ya profaili ya mtu ukaongeza .rss unapata posti zake za wazi bila akaunti yoyote. Kaka yangu aliapa hajiungi na mtandao mwingine tena, nikamwekea linki tatu za hivyo kwenye programu yake ya RSS, ile inayokusanya posti mpya za kurasa unazofuatilia, sasa kila asubuhi yeye ndo ananitumia mimi michoro ya betri kwa WhatsApp.