Somo: Etha maabara, hatua kwa hatua

Habari zenu. Leo ni dietili etha, kimiminika cha maabara ambacho kwa kifupi tunakiita etha. Wanafunzi wangu huogopa asidi, kumbe hii isiyochubua ngozi ndiyo inayounguza chumba kizima.

Hatua ya 1: Kabla ya kufungua chupa, zima moto wote chumbani, si wa meza yako tu. Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi, chini ya joto la mwili wako. Ukidondosha tone kiganjani, linakauka huku ngozi ikisisimka kwa baridi. Mvuke wake ni mzito mara 2.5 kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini. Unashuka na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto, kisha moto unarudi nao hadi kwenye chupa. Niliwahi kuona mwali ukikimbia juu ya meza tupu namna hiyo. Jiko la spiriti lilikuwa mbali na sisi.

Hatua ya 2: Ukitaka kuipasha, chemsha maji chumba kingine, uyalete, kisha uweke chombo chenye etha ndani yake. Jiko la umeme pia ni hatari: kwenye nyuzi 180 hivi etha hujiwakia bila mwali wowote.

Hatua ya 3: Mimina kiasi unachohitaji, funga papo hapo.

Hatua ya 4: Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Hii wengi wanaipuuza, na inaniumiza. Hewa na mwanga hutengeneza peroksidi, yaani kemikali zenye oksijeni nyingi, ndani ya etha, nazo hulipuka kwa kutikiswa au kusuguliwa tu. Tunza kwenye chupa ya kahawia, gizani. Ukikuta fuwele (chembe ngumu za peroksidi hizo) kifunikoni, usiiguse chupa. Toa watu, ita mtaalamu.

MASWALI YENU

Mwalimu, naweza kuihifadhi kwenye friji ya kawaida?
Hapana. Hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, mvuke wake unashika moto, na swichi za friji hutoa cheche.

Ikiwaka, nimwagie maji?
Usimwage. Etha ni nyepesi, itaelea na kusambaa ikiwaka. Tumia kizimamoto cha poda au cha kaboni dioksidi.

Petroli etha ndiyo hiyohiyo?
Jina tu. Ile ni mchanganyiko wa haidrokaboni (misombo ya kaboni na haidrojeni), ingawa nayo huwaka upesi.

Ni kweli ndiyo nusukaputi ya zamani?
Kweli. William Morton, daktari wa meno, aliionyesha hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Kwa hiyo ukianza kuhisi usingizi maabara, toka nje kwanza.