Filta ya oili na ya hewa kwa Toyota: nunua kwa injini, si kwa jina la gari

Ukifika duka la spea ukasema "nipe filta ya oili ya Premio", muuzaji anayejua kazi atakuuliza: Premio ipi? Umbo lililoanza kutoka 2007 lina toleo la chesisi NZT260, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, na lina ZRT260, yenye 2ZR ya cc 1,800. Bodi ni ileile, lakini filta za oili hazikaribiani hata kidogo. Ya kwanza ni kopo la chuma linalofungwa kwa kuzungushwa. Ya pili ni karatasi tupu inayoingia ndani ya kikombe kilichoko chini ya injini. Muuzaji asiyeuliza swali hilo anakupa iliyo karibu na mkono wake.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani fungua boneti usome kibati cha gari. Kwenye magari mengi yaliyotoka Japani kiko kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na kimeandikwa namba ya chesisi pamoja na aina ya injini. Kipige picha. Kama injini iliwahi kubadilishwa, kibati hakikusaidii. Amini namba iliyochorwa kwenye bloku yenyewe, yaani mwili wa chuma wa injini.

1NZ-FE na 1ZZ-FE hutumia filta ya kopo yenye namba 90915-YZZE1. 2ZR-FE hutumia ya karatasi, 04152-YZZA6. Kampuni nyingine za filta zina namba zao, na maduka mengi yana katalogi ya kulinganisha. Omba uonyeshwe, usikubali "inaingia tu". Filta ya hewa ina sheria yake: inafuata boksi lake, si injini peke yake, na gari mbili zenye 1NZ-FE zinaweza kuwa na maboksi tofauti. Hapo njia ya uhakika ni kwenda na ya zamani mkononi.

Hesi ndiyo inayovunja injini

Watu hulinganisha filta za kopo kwa ukubwa na rangi. Cha kulinganisha kwanza ni hesi, yaani meno ya kuzungushia yaliyo ndani ya tundu la kati. Toyota hizi hutumia hesi ya inchi 3/4, meno 16 kwa inchi. Honda na Nissan nyingi hutumia ya milimita 20, yenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Kipenyo kinapishana kwa chini ya milimita moja, na nafasi ya meno ya Toyota ni karibu milimita 1.6. Ndiyo maana filta ya Honda huingia kwenye Toyota, ikazunguka, hata ikakaza. Lakini imeshikwa na ncha za meno tu. Asubuhi oili ikiwa nzito na presha ikapanda, inaweza kuachia, na injini ikabaki bila oili ukiwa barabarani. Ukianza kuifunga kwa mkono ukaona inacheza kushoto na kulia, itoe.

Ukiwa bado dukani, igeuze utazame mdomoni. Hesi ziwe safi, bila vumbi la chuma. Raba ya nje iwe imekaa sawasawa kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Kisha chungulia kwenye vitundu vidogo vinavyozunguka tundu la kati: nyuma yake kuna raba nyembamba inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Isukume kwa kijiti safi. Inatakiwa iwe laini na irudi mahali pake. Ikiwa ngumu au haifuniki, kila asubuhi injini itagonga kwa sekunde chache mpaka filta ijae.

Boksi na nembo vinaigizwa vizuri siku hizi, hivyo boksi zuri si ushahidi. Kama unanunua duka moja mara kwa mara, ikate filta iliyotumika kwa msumeno wa chuma uone ndani. Mikunjo ya karatasi iwe na nafasi sawa, gundi isiwe imeachia, na bomba la kati lisiwe limebonyea. Ukikuta mikunjo michache imelaliana upande mmoja, hama duka.

Filta ya hewa

Weka tochi upande mmoja wa filta, tazama upande wa pili. Mwanga upite sawasawa. Tundu hata la sindano halikubaliki. Ukingo wa raba uwe laini na usiwe na sehemu iliyopasuka. Ukiifunga kwenye boksi, klipu zifunge bila kulazimishwa, lakini zisiwe legevu. Baada ya kilomita elfu moja hivi, fungua na upitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni. Vumbi hilo ni mchanga: linakwangua silinda na ringi za pistoni, mwisho gari linaanza kula oili.

Kuipuliza filta ya karatasi kwa kompresa ni mazoea mabaya. Presha kubwa inapanua matundu ya karatasi, halafu filta inaonekana safi huku inapitisha vumbi. Kuiosha ndiyo usithubutu. Ikague kila unapomwaga oili, na mapema zaidi kama unapita barabara za vumbi.

Kufunga

1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. 2ZR-FE ni lita 4.2, kwa hiyo galoni ya lita nne haitoshi.

Ukitoa kopo la zamani, hakikisha raba yake imetoka nayo. Ikibaki kwenye bloku na ukafunga mpya juu yake, oili itamwagika mara injini ikiwaka. Paka raba mpya oili safi, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Kikombe cha 2ZR kinahitaji spana yake yenye pembe 14, karibu milimita 65. Fundi akileta patasi na nyundo, mkatalie, maana kikipasuka unanunua kikombe kizima. Badilisha oringi (raba za duara) zote zilizokuja na filta, zipake oili zisijikunje, na kaza kikombe kwa nguvu ya Nm 25 (niutoni-mita), ukitumia spana yenye kipimo.

Washa injini, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, kisha chungulia chini. Ukiona tone, usikaze zaidi. Zima, fungua, tazama raba imekaaje.