Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Cardiff kwa Treni na Kurudi Siku Hiyohiyo

Wales ina majiji saba, na mawili kati yake, St Davids na St Asaph, hayana stesheni ya treni kabisa. Kwa hiyo anayepanga kwenda kutalii jiji la Wales kwa treni kwanza aamue ni lipi. Hapa nazungumzia Cardiff, mji mkuu wa Wales tangu 1955, kwa sababu mtu anayeishi London hulifikia bila kubadilisha treni: huondoka Paddington, hupita Reading, Swindon na Bristol Parkway, na baada ya takriban saa mbili huwa ameshateremka Cardiff Central. Hakuna mpaka unaokaguliwa kati ya England na Wales, na viza ya kuingilia Uingereza ndiyo hiyohiyo.

Jambo linalostahili kutangulia mengine yote ni tarehe, na kabla ya kugusa tiketi yoyote msafiri atazame kwanza ratiba ya mechi za raga na matamasha. Uwanja wa Principality, wenye nafasi ya watazamaji takriban 74,000, haukujengwa pembezoni mwa mji kama viwanja vingi. Umesimama katikati kabisa, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni. Mimi sikulijua hilo. Jumamosi moja ya Februari nilipanda treni nikijipongeza kwa kupata siku isiyo na mvua, na kabla hatujafika Swindon behewa lilikuwa limejaa skafu nyekundu, na mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa amevaa kofia ya kitambaa yenye umbo la ua la njano, ambalo ni alama ya Wales, petali zikiuzunguka uso wake kama miale ya jua. Barabara za katikati ya mji zilikuwa zimefungwa, kila mkahawa umejaa hadi mlangoni, na jioni abiria walipangwa nje ya stesheni kwa foleni zilizogawanywa kulingana na wanakokwenda. Siku ilikuwa ya kufurahisha kwa namna yake, lakini sikuona hata moja ya vitu nilivyovifuata. Mechi za Mataifa Sita, mashindano ya raga ya kila mwaka, huchezwa kati ya Februari na Machi, nyingine za kimataifa huangukia Novemba, na majira ya joto huwa na matamasha.

Baada ya ratiba ya mechi, iangaliwe reli yenyewe. Njia hii hupita chini ya mlango wa mto Severn kwa handaki lililofunguliwa mwaka 1886, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 7, ambalo hadi leo maji ya chemchemi husukumwa nje yake kwa pampu mchana na usiku. Handaki la umri huo huhitaji matengenezo ya mara kwa mara, na likifungwa treni huzungushwa kupitia Gloucester au abiria hupakiwa mabasi kwa sehemu ya njia. Kazi za namna hiyo hupangwa zaidi mwishoni mwa juma, hasa Jumapili, kwa hiyo ratiba isomwe siku ya kununua tiketi na isomwe tena asubuhi ya safari.

Kuhusu tiketi, zile zinazonunuliwa mapema kwa treni moja maalumu huwa na bei nafuu zaidi, ila ukiikosa treni hiyo tiketi haina kazi. Kwa safari ya kwenda sioni tatizo, kwa kuwa saa ya kutoka nyumbani unaijua. Kurudi ndiko kunakotesa, maana utajikuta unatoka makumbusho mbio huku unatazama saa, na kwa sababu hiyo mwenye uwezo ni afadhali anunue tiketi ya kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano, inayomruhusu kuchagua treni ya jioni kadiri ya masharti yake. Kadi za punguzo hupunguza theluthi ya nauli, na iko hata ya watu wawili wanaosafiri pamoja, ambayo wanandoa wengi hawaijui. Mwenye tiketi ndani ya simu aondoke na betri ya akiba, kwa kuwa simu iliyozimika haifungui geti wala haimridhishi mkaguzi. Pia treni hizi mara nyingine ni mbili za mabehewa matano zilizounganishwa, na huwezi kupita kutoka moja kwenda nyingine treni ikiwa njiani, kwa hiyo nambari ya behewa lako itazamwe kabla ya kupanda.

Maandishi ya stesheni huwa kwa lugha mbili, Kiwelisi kikitangulia mara nyingi. Caerdydd ndiyo Cardiff, na Casnewydd ni Newport, kituo cha kabla yake, basi asikurupuke mtu kuteremka. Cardiff Central jukwaa nambari sifuri utaliona. La tano usilitafute, halipo. Neno la kukariri zaidi ni lililoandikwa kwenye milango ya vyoo: "Merched" ni wanawake, na wanaume ni "Dynion". Wageni wengi wa kiume huiona herufi ya kwanza, hudhani ni ya "Men", yaani wanaume kwa Kiingereza, na kusukuma mlango kwa kujiamini.

Kisha msafiri achague vitu viwili, asizidishe. Kwa maoni yangu kasri na makumbusho ya taifa vinatosha kuijaza siku, kwa kuwa vimekaribiana na vyote hufikika kwa miguu kutoka stesheni. Njiani, kwenye uwanja wa mbele ya stesheni, imo sanamu ya Betty Campbell, mzaliwa wa Butetown, mtaa wa Cardiff, aliyekuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi nchini Wales, iliyozinduliwa 2021. Kasri lina kiingilio, na wenye muda waingie pia vyumba vya ndani, kwa ajili ya Chumba cha Kiarabu peke yake ikibidi: dari lake limechongwa vijumba kwa vijumba kama sega la nyuki na kupakwa dhahabu, kazi ya mbunifu William Burges, aliyefariki mwaka 1881. Makumbusho hayana kiingilio lakini hufungwa Jumatatu, na michoro yake ya Monet na Renoir ilitokana kwa sehemu kubwa na urithi wa dada wawili, Gwendoline na Margaret Davies. Anayependelea Cardiff Bay abadilishe makumbusho kwa bandari, na kama anataka mahali pa kuswali, msikiti wa mtaa wa Alice uko Butetown, mtaa ambao mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni waliufanya makao yao. Kijiji cha makumbusho cha St Fagans kiko pembezoni mwa mji na kinastahili siku yake.

Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa sababu mvua ya huko huja na upepo. Desemba jua huzama kama saa 10 alasiri, basi kasri litangulie na maduka ya ndani yafuate. Kwenye soko na mikahawa utakuta vikeki vya Wales, vidogo vya duara vyenye zabibu kavu, vinavyopikwa juu ya bamba la chuma kama chapati na kunyunyiziwa sukari vikiwa moto. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwa kuwa mapishi ya zamani hutumia mafuta yake.

Mwisho, ijulikane mapema treni ya mwisho ya moja kwa moja kurudi London ni ya saa ngapi, hasa Jumapili, na msafiri ajipangie ile inayoitangulia. Inayotangulia ikifutwa, ya mwisho bado ipo.