Kuandaa Yamaha V Star 650 iliyotumika kwa safari ndefu

V Star 650, ambayo Ulaya wanaijua kwa jina la Drag Star, iliingia soko la Marekani mwaka 1998 na ikauzwa huko kwa miaka mingi, kwa hiyo zilizotumika si haba na bei yake ni ya kibinadamu. Injini ni ya silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V, cc 649, inapozwa kwa upepo tu, na nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Hakuna radieta ya kuvuja, hakuna cheni ya kukaza kila jioni.

Kasoro ni kwamba vitu muhimu vimefichwa, na wenye pikipiki wengi huviruka. Ukishainunua, anzia pale mwenyewe wa kwanza alipopakwepa.

Hatua ya 1: Filta ya oili

Filta iko upande wa kulia, nyuma ya bomba la ekzosi, na haitoki mpaka ekzosi itoke. Ndiyo maana pikipiki nyingi zimebadilishwa oili mara kumi huku filta ikiwa ileile.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia nati za ekzosi kwenye kichwa cha silinda mafuta ya kulainisha kutu. Usizilazimishe: stadi (msumari wa nati unaotoka kwenye kichwa) ikikatika ndani ya kichwa, umejitafutia kazi ya siku mbili. Pasha injini moto kidogo, mwaga oili, kisha acha mabomba yapoe kabla ya kuyagusa. Fungua kikanyagio cha kulia pamoja na pedeli ya breki, halafu toa ekzosi nzima kwa pamoja. Badilisha filta, oringi zake, na gasketi za ekzosi. Gasketi za zamani zikirudishwa huvuja, na hewa inayoingia hapo hufanya pikipiki ilipue "pa! pa!" unapoachia mafuta.

Bolti ya kumwagia oili kaza kwa Nm 43, na bolti za kifuniko cha filta kwa Nm 10 tu, kwani zinashika kwenye alumini. Oili inayoingia ukibadilisha na filta ni lita 2.8, bila filta ni lita 2.6. Tumia 20W40, au 10W40 kwenye baridi, yenye alama ya JASO MA, yaani oili ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Oili ya gari iliyotengenezwa kuokoa mafuta ina viungo vya utelezi, na klachi ya pikipiki hii inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, kwa hiyo itaanza kuteleza kwenye mlima wa kwanza.

Hatua ya 2: Gurudumu la nyuma, difu na meno ya shafti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Watu husikia "shafti" wakadhani haihitaji matunzo. Inahitaji, ila mara chache.

Mwaga oili ya difu (sanduku la gia kwenye gurudumu la nyuma) ikiwa na joto, weka mpya ya gia, SAE 80 hypoid GL-4, lita 0.19. Ni kidogo kuliko glasi ya maji, na upungufu kidogo tu unaonekana kwenye meno. Chembe laini za kijivu kwenye oili ya zamani si neno. Vipande vinavyong'aa ni neno.

Kisha toa gurudumu. Utaona meno yanayoshikana na difu. Ukikuta vumbi jekundu kama kutu, yamekuwa yakisagana makavu. Yakiwa yamechongoka kama ncha ya msumari, usisafiri nayo: yakikwanguka, injini itanguruma na gurudumu halitazunguka. Yakiwa mazima, safisha kwa brashi na upake grisi yenye molybdenum. Grisi ya kawaida hutupwa nje na mzunguko.

Gurudumu likiwa chini, soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Likizidi miaka sita, badilisha hata kama kashata zake bado nene. Nyuma ni 170/80-15. Mbele ni 100/90-19 kwa toleo la Custom na 130/90-16 kwa toleo la Classic. Rimu ni za spoki, kwa hiyo kuna tyubu ndani. Weka tyubu mpya kila unapobadilisha tairi, na ubebe ya akiba ya nyuma, kwa kuwa misumari hupenda tairi la nyuma. Ukiwa na mizigo, jaza psi 28 mbele na 36 nyuma.

Hatua ya 3: Tapeti

Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kirahisi, na hakikisha pistoni iko juu kwenye mgandamizo: roka zote mbili za silinda hiyo zicheze kidogo ukizitikisa. Nafasi kati ya roka na valvu ya kuingiza ni mm 0.07 hadi 0.12; ya kutolea mm 0.12 hadi 0.17. Inarekebishwa kwa skrubu na nati, bila kununua vipande. Pima tena baada ya kukaza nati, maana skrubu hufuata mkono. Tapeti inayolia kidogo haina madhara makubwa. Iliyobana ndiyo mbaya, kwani haitoi sauti huku ikiunguza valvu.

Rudisha plagi mpya, DPR7EA-9.

Hatua ya 4: Kabureta

Ikidai choki muda mrefu, au ikizimika unaposimama kwenye taa nyekundu, pilot jet (vitundu vidogo vya petroli ya sailensa) zimeziba. Petroli yenye ethanoli huacha gundi pikipiki ikikaa msimu mzima. Nunua jet mpya. Ukichokoa kwa waya unapanua tundu.

Hatua ya 5: Masafa na mizigo

Tangi ni lita 16, lita 3 kati yake zikiwa za rizavu. Kwa kilomita 20 kwa lita, koki ya petroli utaigeuza kwenye rizavu karibu na kilomita 260. Barabara ya US 50 ya Nevada, kutoka Fallon hadi Austin, ni kama kilomita 180, kwa hiyo unafika bila wasiwasi ukijaza Fallon. Upepo wa uso na mwendo wa 120 vitakula sehemu ya hesabu hiyo. Pikipiki hii imestarehe kwenye 100. Zaidi ya hapo mikono inakufa ganzi.

Mikoba ya ngozi isifungwe bila vyuma vya kuizuia, la sivyo itaingia kwenye spoki au kuungulia kwenye ekzosi. Ongeza ugumu wa springi ya shokapu, iliyojificha chini ya kiti, kabla ya kupakia.

Endesha kilomita 150 karibu na nyumbani, acha ipoe, kaza tena nati za ekzosi, na uangalie kama kuna tone chini ya difu.