Panga siku yako isikukimbize: hatua kwa hatua

Wengi ninaowasaidia kupanga muda huja wakitaka ratiba. Siku ya kwanza siwapi. Mara nyingi kinachowachosha si wingi wa kazi, ni kazi zisizo na mahali pake: zimejaa kichwani, hazina siku wala saa, na mtu akikaa kupumzika zinaanza kubisha hodi. Basi tunaanza kwa kuzitoa huko.

Hatua ya 1: Ziandike zote

Chukua karatasi uandike kila jambo unalodaiwa, la kazini na la nyumbani, bila kupanga wala kuchagua. Andika kitendo. "Gari" haikuambii ufanye nini. "Kumpigia fundi kuhusu breki" inakuambia. Kisha kila kitendo kipe siku. Mwaka 2011, watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika hupunguza kumsumbua mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hajaligusa.

Hatua ya 2: Pima muda halisi

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia, kwa hiyo usiruke. Tunapokadiria muda, tunaiwaza kazi ikienda sawa mwanzo hadi mwisho. Hatumhesabu mtu atakayeingia na "dakika moja tu", wala faili litakalokataa kufunguka. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1994, wanafunzi walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34 hivi. Zikawachukua takriban 55.

Kwa wiki moja, andika saa unayoanza na unayomaliza kazi zinazojirudia. Usijirekebishe, rekodi tu. Jumlisha na maandalizi: kikao cha saa moja, ukiweka kusoma nyaraka kabla na kuandika maazimio baadaye, kinaweza kula karibu saa mbili. Baada ya hapo, panga kwa muda uliotumia mara ya mwisho, si ule unaotamani. Kazi ambayo hujawahi kuifanya, kadiria kisha ongeza nusu yake.

Hatua ya 3: Ingiza kwenye kalenda, acha mapengo

Tuseme siku yako ya kazi ina saa 8. Toa vikao vya saa 2 na mapumziko ya saa 1, zimebaki 5. Panga 3 na nusu tu. Hiyo saa moja na nusu iliyobaki itajazwa na dharura, na isipojazwa utaanza kazi ya kesho. Najua bosi akiiona kalenda yenye uwazi atauliza. Iandikie "ufuatiliaji", maana ndiyo kazi yake.

Kazi nzito iweke wakati akili yako inapokuwa kali. Wapo wa alfajiri, wapo wa usiku; mtu asikulazimishe kuamka saa kumi kwa sababu yeye inamfaa.

Hatua ya 4: Funga arifa za simu

Soma ujumbe kwa saa maalumu, mara tatu au nne kwa siku. Ukihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka, na unarudi ukiwa nusu. Kama kazi yako ni kujibu watu papo hapo, hatua hii haikufai ilivyo. Omba japo nusu saa ya kushikiwa zamu.

Hatua ya 5: Kazi mpya ijibu swali

Kukataa moja kwa moja ni kugumu, hasa kwa mkubwa wako. Uliza: "Bosi, nina ripoti na hesabu mkononi. Hii niitangulize kuliko ipi?" Uamuzi unarudi kwake, na wewe hujagoma.

Hatua ya 6: Funga siku

Kabla ya kulala, tumia dakika 5 kuandika kazi za kesho. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 liliona kwamba walioandika kazi zijazo walipata usingizi mapema kuliko walioandika walizokwisha kufanya.

Kwenye orodha hiyo, tazama kazi uliyoihamisha mara tatu. Usiihamishe tena. Ama igawe uchukue kipande kinachomalizika kesho, ama mkabidhi mwingine, ama ifute na umwambie anayeisubiri.