Kuokota taka Shela mpaka insha ya chuo: tulivyofanya na binti wa ami yangu

Binti wa ami yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, akaja likizo na kazi ya maneno 1,500: jitolee kwenu, soma, uandike kwa Kiingereza. Kuokota taka ufuoni Shela, hapa kwetu Lamu, na wenzake kila Jumamosi alikuwa ashaanza, kuandika ndiko kulikomshinda. Tulikaa nayo wiki mbili, hizi ndizo hatua.

1. Pata kikundi. Uliza barazani au Mkunguni, ule uwanja wa mjini Lamu, baada ya alasiri, utaelekezwa. Usianzishe cha kwako kwa sababu ya insha, tafadhali.

2. Beba daftari na penseli. Simu hapana. Jua la ufuoni huoni kioo, meseji ikiingia moja tu ushapotea, na peni nayo karatasi ikilowa haiandiki. Andika tarehe, saa, maji yamejaa au yametoka, kusi au kaskazi, alafu hesabu kwa aina. Jumamosi ya kwanza aliniletea "taka nyingi sana". Ngapi? Kimya. Ya pili akaja na ndala 41, chupa 63, na vizibo aliacha kuhesabu alipofika 300. Hapo sasa kuna kitu cha kuandikia.

3. Soma kifupi, mara tatu. Watu hukimbilia makala ya kurasa 30 wakalala ukurasa wa pili. Sisi tulianza na tangazo la serikali la Februari 2017, halimalizi hata ukurasa. Yeye alikuwa ashaandika "Kenya ilipiga marufuku plastiki 2017", nikamwambia rudi usome, akarudi, "kaka si ndivyo?", rudi tena. Mara ya tatu ndio akaona: kilichokatazwa ni mifuko, ile ya kubebea na ile bapa isiyo na mikono, na katazo lenyewe likaanza 28 Agosti mwaka huo. Chupa hazimo, ndala hazimo. Yaani vile vyote alivyohesabu havimo!

4. Tenganisha ulichoona, ulichosoma na unachofikiria. Hapa msiruke, hapa ndipo nilipolia mimi. Nikiwa chuo nilirudishiwa insha nzima, aya mbili zimezungushiwa duara jekundu, pembeni "haya si maneno yako". Na wallahi sikuiba kwa kukusudia, nilinakili sentensi nzuri nzuri kwenye daftari bila alama za kunukuu, baada ya wiki tatu nikizisoma nadhani ni zangu. Nilikesha toka isha mpaka alfajiri nafungua kitabu kimoja kimoja natafuta ile sentensi ilitoka wapi, na moja mpaka leo sijaipata.

Kwa hivyo: ukurasa wa kushoto ulichoona, wa kulia ulichosoma, chini unachofikiria. Ukinakili neno kwa neno weka alama za kunukuu saa hiyo hiyo, na namba ya ukurasa saa hiyo hiyo, usiseme nitarudi, hurudi. Kubadilisha maneno mawili matatu ukaacha sentensi ilivyo bado ni wizi, mhadhiri anaona. Lakini sheria usiibadilishe kwa maneno yako pale neno lenyewe ndilo lenye uzito, nukuu kama lilivyo. Na zile programu za kukuandikia upya, mimi sizitaki, utatoa insha laini na kichwani hamna kitu.

Njia yangu ni hii: funga ulichosoma, mweleze mtu kwa Kiswahili, alafu ndio uandike Kiingereza. Yeye alimweleza bibi yetu, ambaye alikuwa anachagua mchele, hata kichwa hakuinua. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hizo tupa je, mwanangu, hazikukatazwa?" Tupa kwa Kiamu ndizo chupa. Swali la insha likapatikana kwenye ungo.

5. Andika. Anza na ufuo, sio "tangu enzi za kale". Kila mtu hapa anataka kutia Flipflopi, lile jahazi la plastiki lililoundwa Lamu likavishwa ndala kama 30,000 likaenda mpaka Unguja 2019. Zuri, lakini kama halijibu swali lako ni pambo, toa. Alinuna, akatoa.

6. Wasomee mliookota nao. Kwa sauti, na kwa Kiswahili, kabla hujatuma. Alipofika kwenye ndala 41 kijana mmoja akamkata, wewe mbili zile zilikuwa makubadhi ya ngozi, nilizitoa mimi kwenye mwani. Wakabishana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Akafuta, akaandika 39.