Mvua ya Kwanza Isikuharakishe Kupanda

Mkulima mzoefu akiulizwa kama hali ya hewa imebadilika, mara nyingi hujibu kuwa mvua imepungua. Vipimo vya kituo cha jirani vinaweza kuonyesha jumla ya mwaka ni ileile, na bado mkulima hajakosea. Anachokiona ni mvua kuchelewa, kumwagika kwa siku chache, kisha kukatika mazao yakiwa machanga. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Ndiyo maana mvua ikija huja kwa kishindo, na jua likiwaka udongo hukauka upesi.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, inatokana na kupanda kwa kufuata tarehe ya mazoea au mvua ya kwanza. Mvua ndogo hulowesha juu tu. Mbegu inaota, jua linaiunguza, na mbegu nyingine inanunuliwa. Kabla ya kupanda, chimba. Unyevu ukifika kina cha sentimita 20 hadi 30, panda. Haujafika? Subiri, hata kama majirani wameshaanza.

Weka pia kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila asubuhi baada ya mvua na kuandika kwenye daftari. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 20 kwenye hekta 1 ni lita 200,000. Utabiri wa msimu usikilize, ila unazungumzia eneo pana, na mvua “juu ya wastani” inaweza kukatika katikati.

Mbegu za muda mfupi, yaani zinazokomaa mapema, zinasaidia, lakini usihamie huko shamba zima: msimu ukiwa mzuri, za muda mrefu kwa kawaida huzaa zaidi. Gawa shamba. Mahindi huumizwa zaidi na ukame yanapotoa mbelewele (maua ya kileleni) na ndevu, kwa hiyo ukipanda kwa awamu mbili zilizopishana siku kumi hivi, si rahisi ukame mmoja mfupi uyakute yote katika hatua hiyo. Sehemu inayokauka mapema ipe mtama au mbaazi.

Maji yanayoporomoka yazuie kwa makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, au matuta ambayo mifereji yake imezibwa kwa udongo kila baada ya hatua chache. Matandazo, yaani mabua na majani ya kufunika udongo, ni bora zaidi, ingawa penye mifugo mabua hayakai shambani. Hapo bakiza hata kidogo.

Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili na uiweke udongo ukiwa na unyevu, kisha uifukie. Urea, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hupotea hewani. Mvua ikikatika kabla ya awamu ya pili, funga mfuko vizuri na uuhifadhi pakavu hadi msimu ujao.